Jumba lenye paa kwa kampasi ya Kagera

Kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huko Itahwa, nje kidogo ya Bukoba, inahitaji jumba la michezo lenye paa, na ushahidi wangu naanza kuutafuta mbali. Desemba 1891, katika chuo kimoja cha Springfield, Marekani, baridi iliwafungia wanafunzi ndani. Mwalimu wao, James Naismith, akapata vikapu viwili vya matunda, vikapigiliwa misumari kwenye ukingo wa roshani ya jumba la mazoezi, futi 10 kutoka sakafuni. Timu zilikuwa na watu tisa tisa kwa kuwa darasa lilikuwa na wanafunzi 18, na ringi ya leo ingali futi 10 kwa kuwa roshani ile iliishia hapo. Jengo ndilo lililozaa mpira wa kikapu. Sisi hatuna theluji, lakini mvua tunayo: Bukoba ni miongoni mwa miji inayonyeshewa zaidi nchini, na mpira uliolowa haudundi. Anayesema maabara na mabweni kwanza hakosei, ila jumba hili si la michezo tu. Hufanyiwa mitihani na mahafali, na siku ya balaa huhifadhi watu. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliangusha nyumba katika kata ya Hamugembe, hapa Bukoba, na waliobaki bila makazi wakajisitiri kwenye maturubai. Bila shaka paa lenyewe lazima lihimili mtikisiko. Wahandisi, litengeeni kiwanja chake sasa, kabla zege halijamwagwa kila mahali.