Gari lililotumika lisiuzwe bila dhamana

Wauza magari yaliyotumika jijini Lilongwe walazimishwe kutoa dhamana ya maandishi kwa kila gari wanalouza. Malawi ilitunga Sheria ya Kulinda Walaji mwaka 2003, lakini risiti ya “mali ikishauzwa hairudishwi” bado humfunga mnunuzi mdomo.

Mengi ya magari haya hutoka Japani kupitia Dar es Salaam au Durban. Muuzaji ndiye anayejua historia yake. Mnunuzi huonyeshwa rangi iliyong'arishwa na mita ya kilomita, ambayo fundi yeyote mjanja huirudisha nyuma. Giaboksi ikigoma kabla hajafika mji wa Madisi, wilayani Dowa, hasara yote ni yake. Mfanyabiashara wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka asiyesoma Kiingereza ndiye anayeumia zaidi: anasaini asichokielewa.

Wenye jukumu la kusimamia biashara hii waingie yadi hizo sasa, na wanaoficha kasoro wafutiwe leseni.