Waliozaliwa Njiani

Sisi wa Mugunga, tukaao juu ya mawe meusi ya volkano magharibi ya Goma, tumezoea tangu mwaka 1994 kuona watu waliotoka mbali. Kundi lifikapo, hata kabla halijasimulia habari zake, twatazama watoto. Wakiwa wengi waliozaliwa njiani, twafahamu kwamba safari ilikuwa ndefu.

Wataalamu nao huwapima hivyo wasafiri wa namna nyingine, yaani viini vya atomi vitokavyo mbali kupita jua letu na sayari zake. Mwaka 1912 Victor Hess wa Austria alipanda kwa puto zaidi ya mita 5,000, akaona dalili za miale hii zaongezeka huko juu. Lakini hewa huvivunja viini hivyo, na huku chini twapata vipande tu. Atakaye kuvipima vizima sharti atoke nje ya hewa.

Kwa hiyo mwezi wa Mei 2011 chombo kiitwacho AMS, chenye uzito wa kilo 7,500 hivi, kilipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kama kilomita 400 juu yetu. Sumaku yake hupinda njia ya kila kiini, na matabaka 9 ya silikoni huonyesha kilipopita. Kwa mwendo uleule, alama ya protoni moja ikiwa 1, ya boroni yenye protoni 5 ni 25, na ya kaboni yenye 6 ni 36. Ndivyo vinavyotambulikana.

Kaboni hutengenezwa ndani ya nyota. Boroni, karibu yote, huzaliwa njiani, pale kaboni au oksijeni igongapo gesi iliyo kati ya nyota ikavunjika. Mwaka 2016 watafiti walitangaza hesabu yao: boroni milioni 2.3 na kaboni milioni 8.3. Walithibitisha kwamba kadiri nguvu ya viini izidivyo, boroni hupungua mbele ya kaboni. Maana vyenye nguvu nyingi hupita katika gesi kidogo zaidi.

Basi, enyi wazazi, mtoto aliyezaliwa safarini asione haya mbele ya wenzake. Bila boroni, wataalamu wasingaliujua urefu wa njia. Mwandikieni siku na mahali alipozaliwa, mkaitunze karatasi hiyo: ndani yake mna habari za safari yenu nyote.