Mkopo wa elimu ya juu ueleweke kabla ya kusainiwa



Kila dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu linapofunguliwa, vijana wetu huhangaikia uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa kwa wakala wa usajili, RITA, wadhamini na saini za serikali ya mtaa. Sawa. Lakini nani anakaa nao kuwaeleza watakavyolipa?

Wazazi na walimu wa kidato cha sita, tulibebe hili. Kijana ajue kwamba bumu analopokea kwa chakula na malazi ni deni, sawasawa na ada inayokwenda moja kwa moja chuoni. Akiajiriwa, mwajiri atamkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Kwenye mshahara wa shilingi 800,000, hizo ni 120,000, kabla hajafikiria kodi ya nyumba wala wadogo zake wanaomtegemea (nao wapo daima).

Wengi bado wanaiogopa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Ilifutwa mwaka 2021. Habari njema kama hiyo itangazwe hadi vijijini. Na aliyejiajiri asingoje kutafutwa. Aende mwenyewe Bodi ya Mikopo, aanze kulipa.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro