Mabasi ya umeme: tukumbuke yaliyoikuta Léopoldville

Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria Kigali mwishoni mwa 2023. Mfanyabiashara wa Rusizi anayevuka kwenda Bukavu na mzigo wake ana haki ya kuuliza yatafika kwetu lini. Dizeli ikipanda, nauli hupanda, na faida ndogo aliyoitegemea huishia njiani.

Kabla ya kushangilia, tutazame kwa jirani. Mwaka 1955 Léopoldville, leo Kinshasa, ilipokea jairobasi, ndugu wa trolibasi. Trolibasi huvuta umeme muda wote kwenye nyaya zilizotandazwa juu ya barabara. Jairobasi, lililobuniwa na kampuni ya Oerlikon ya Uswisi, halikuhitaji nyaya hizo. Lilibeba gurudumu zito la chuma. Kituoni, vyuma vya juu ya paa viligusa nguzo ya umeme na gurudumu likazungushwa kwa kasi. Mzunguko huo ukazalisha umeme wa kulifikisha basi kituo cha mbele. Mabasi hayo yalikuwa 12, kwenye njia 4. Hakuna mji mwingine duniani uliokuwa na mengi kuliko hayo.

Mwaka 1959 yaliachwa. Madereva walipita njia za mkato kwenye barabara za udongo, ambazo mvua iligeuza kuwa tope. Beringi za gurudumu zilivunjika. Unyevu ulizielemea mota. Zaidi ya yote, basi moja lilikula takriban kilowati-saa 3.4 kwa kilomita, na waliokuwa wakiyaendesha wakaona gharama hiyo haibebeki.

Kwa hiyo basi la umeme huishi au hufa kwa barabara, vipuri na bei ya umeme. Hapa kwetu mambo hayo matatu hayawezi kumalizwa na upande mmoja wa mpaka.

Bahati nzuri, mfano tunao mlangoni. Mtambo wa Ruzizi II, ulioanza kazi mwaka 1989, ni mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo kupitia kampuni ya SINELAC. Nchi zinazomiliki mtambo mmoja wa umeme zinaweza pia kukubaliana bei ya kuchaji mabasi, ghala moja la vipuri na kibali kimoja cha kuvuka daraja.

Viongozi wakituletea ahadi ya mabasi, wafanyabiashara wawaulize: yatapita barabara ipi, umeme utauzwa bei gani, na likiharibika, fundi yuko wapi?