Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Hesabu Isiyoijua Kulamawe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jumba la Afya, Nairobi.

Mheshimiwa,

Mwishoni mwa Machi 2020, wizara unayoiongoza ilitabiri kwamba kufikia mwisho wa Aprili Kenya ingekuwa na wagonjwa 10,000 wa korona. Tarehe 30 Aprili ilipofika, waliothibitishwa walikuwa 396.

Wizara hailaumiwi kwa kukadiria. Maradhi yalikuwa mageni, na wiki mbili kabla yake Imperial College ya London ilikuwa imeonya kuwa Uingereza peke yake ingeweza kupoteza watu 510,000 iwapo hatua zisingechukuliwa. Vipimo navyo vilikuwa haba, kwa hiyo hata hiyo 396 haikueleza yote. Lakini watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, Kilifi, walipima damu ya wachangiaji zaidi ya 3,000 kati ya 30 Aprili na 16 Juni, wakakadiria kwamba Wakenya wapatao milioni 1.6 walikuwa wameshaambukizwa. Mwanzoni mwa Juni vifo vilivyorekodiwa nchini havikuwa vimefika 100. Mawimbi ya baadaye yaliua, na waliorekodiwa kufa wamepita 5,600. Hakuna wa kuupuuza msiba huo. Hata hivyo kafyu ya usiku iliyowekwa kuzuia maambukizi iliendelea hadi 20 Oktoba 2021, na wananchi hawakuelezwa waziwazi ni hesabu ipi mpya iliyoishikilia.

Gharama ya amri za kudhibiti korona ilionekana Kulamawe, kando ya barabara ya Isiolo kwenda Garbatulla. Maziwa ya ngamia hukamuliwa huko, yakatiwa madumuni na kupelekwa mjini Isiolo, ambako akina mama wachuuzi huyapakia kwenye mabasi ya abiria yaendayo mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Tarehe 6 Aprili 2020 mabasi yalizuiwa kuingia Nairobi. Ni kweli amri iliruhusu shehena za chakula. Ila maziwa haya hayana lori lake: husafiri na abiria, na abiria walikatazwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 6 Mei, Eastleigh yenyewe ikafungwa. Maziwa hayangoji amri iondolewe.

Mbuzi nao walikosa njia. Kaunti kadhaa za kaskazini zilifunga minada ya mifugo, mwaka uleule ambao nzige wa jangwani walishambulia malisho ya Isiolo. Mfugaji huuza mbuzi ili anunue unga. Mnada ukifungwa, sufuria hulala tupu. Na huko Kiamaiko, Nairobi, wanakochinjwa mbuzi wengi wa kaskazini, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi usiku wa 30 Machi akiwa kwenye roshani ya kwao, polisi wakitekeleza kafyu. Modeli ya kihesabu iliyotabiri idadi ya wagonjwa haikuwa na safu ya vifo vya namna hiyo, wala ya madumu yaliyochacha.

Mheshimiwa, wizara ichapishe modeli zilizotumika mwaka 2020 na 2021, pamoja na makisio yaliyozijenga na jinsi zilivyorekebishwa. Na siku janga jingine litakapobisha, kabla ya amri kutiwa sahihi, waitwe mezani akina mama wa maziwa na wafugaji wa Kulamawe, waseme chakula chao kinapita wapi.