TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: UFUNGUO WA SHULE ANAO NANI?



Vuli imebisha hodi. Kila Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) inapotoa angalizo la mvua kubwa, simu zetu zinajaa vichekesho. "Hao tena!" "Anikeni nguo, leo jua." Na lazima atokee wa kukumbushia Hidaya.

Haya, tumkumbuke Hidaya vizuri. Mei 2024 tuliambiwa kimbunga kinakuja. Boti za Zanzibar zikasitishwa, watu wakajifungia ndani, na Dar es Salaam ikapona. Tukacheka, kama tulivyocheka Aprili 2021 Jobo alipoishiwa nguvu kabla ya kufika pwani. Lakini Hidaya aliipiga Mafia, na barabara ya kwenda Lindi ikakatika Somanga. Wenzetu wa Kilwa hawana cha kuchekea.

Sisi tuliosomea hesabu, kila mwaka tunatenga fedha kwa ajili ya wadaiwa ambao huenda wasilipe. Wote wakilipa, hakuna anayemwita mhasibu mwongo. TMA nao wanaandika wazi kabisa: uwezekano wa kutokea, wastani, kiwango cha athari, wastani. Sisi tunasambaza ramani yenye rangi na maneno hayo tunayaacha. Njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ukiisambaza njano kwa kelele za nyekundu, siku ya nyekundu yenyewe hutasikilizwa.

Lakini siwatwishi wananchi lawama yote. Mpangaji wa bondeni Msimbazi anaambiwa "chukua tahadhari". Achukue ipi? Saa nane usiku, na watoto watatu, aende wapi? Friji na godoro atamwachia nani? Wengi hawabaki kwa ubishi, wanabaki kulinda mali zao. Wengine wanaogopa kwamba wakihama, majina yao yatakatwa kwenye fidia. Iwe kweli au uvumi, hakuna aliyekuja kukaa nao na kuwajibu. Mtu wa namna hiyo hata umpe utabiri wa uhakika wa saa na dakika, hatoki.

Na gharama yake tunaijua. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wasiopungua 40 katika jiji hili, na walionusurika wakahamishiwa Mabwepande. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeshusha kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kwa hiyo swali letu kwa Serikali ya Mtaa ni hili, na tungeliuliza kwa kiongozi wa chama chochote: wajumbe wa kamati yetu ni akina nani? Mara ya mwisho walikaa lini? Maji yakija usiku, watu wanakwenda shule ipi, na ufunguo wa geti anao nani? Hilo la mwisho linaonekana dogo. Mtu akishasimama kwenye mvua na mtoto mgongoni mbele ya geti lenye kufuli, tangazo linalofuata hatalisikiliza, hata litolewe na nani.

Kamati ya Utendaji ya Tawi itapeleka barua Jumatatu. Kabla ya hapo, kila mjumbe aniletee kufikia Jumamosi jioni orodha ya wazee, wagonjwa na wenye ulemavu wanaoishi karibu na mto katika eneo lake, wapangaji wakiwemo, wawe wanachama wetu au wasiwe. Vijana watakaojitolea kulinda vyombo vya watakaohama wajiandikishe kwa Katibu wa Vijana.

Kuhusu taarifa za mvua, kuanzia leo tutasambaza za TMA tu, nzima, zikiwa na tarehe. Ile sauti inayosema "bwawa limepasuka" ambayo hairudi kwa mwenyewe, tafadhali iishie kwako.

Barua itasomwa hapa. Majibu nayo yatasomwa hapa, na kama hayakuja ndani ya siku 14, mtajulishwa hivyo hivyo.

Katibu wa Tawi