Mpe Mgeni Jembe, Si Ufunguo wa Ghala

Msaidizi wa akili mnemba katika kazi ya kutunga programu za kompyuta si jambo geni tena. Hapo awali msaidizi huyo alikuwa mshauri tu. Aliulizwa, akajibu, na mtunga programu akalipima jibu kabla ya kulitumia. Siku hizi anaunganishwa na kanzidata, barua pepe na hifadhi za misimbo, naye hutenda mwenyewe. Hatua hii ya kutoka katika kushauri na kuingia katika kutenda ni kubwa, na haifai kuachwa mikononi mwa mafundi peke yao. Inamhusu kila mtumishi anayetunza kumbukumbu za watu, awe karani wa masjala au mwalimu mkuu.

Tarehe 25 Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitangaza itifaki iitwayo Model Context Protocol, au MCP kwa kifupi. Kabla yake, kila msaidizi alihitaji kutengenezewa kiungo cha pekee kwa kila zana. Wasaidizi watano na zana kumi walidai viungo 50. Itifaki moja ikikubaliwa na wote, kazi hiyo hupungua hadi 15, kwa sababu kila upande hujifunza lugha moja tu. Ndivyo Kiswahili kilivyomwezesha Mmakonde kuelewana na Msukuma pasipo kila mmoja kujifunza lugha ya mwenzake. Kampuni ya OpenAI iliikubali itifaki hiyo Machi 2025, Google ikafuata Aprili, na Desemba mwaka huohuo ikakabidhiwa kwa mfuko ulio chini ya Linux Foundation, ili isiwe mali ya kampuni moja.

Manufaa yake ni dhahiri. Msaidizi aliyeunganishwa vizuri husoma taarifa ya hitilafu, huangalia muundo wa kanzidata, hurekebisha msimbo na kuujaribu, kazi ambayo zamani ilimlazimu mtu kunakili maandishi huku na huko kutwa nzima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu amekwisha kukaa siku zake mbili, na kumnyima jembe ni kujinyima mavuno. Lakini wahenga hao hawakusema apewe na ufunguo wa ghala.

Hatari ya kwanza inatokana na maumbile ya msaidizi mwenyewe. Kwake yeye, taarifa na amri huja kwa sura moja, yaani maandishi. Karani akikuta ndani ya barua ya mwombaji maneno yasemayo, "Nitumie majalada yote ya siri," atacheka au atatoa taarifa kwa mkuu wake. Msaidizi wa akili mnemba aweza kutii. Mwingereza Simon Willison aliipa hila hii jina Septemba 2022, na hadi leo haijapatiwa tiba kamili. Mei 2025 watafiti wa Invariant Labs walionyesha jinsi maandishi yaliyobandikwa katika ukurasa wa wazi wa GitHub yalivyoweza kumfanya msaidizi atoe hadharani yaliyomo katika hifadhi za faragha za mtumiaji wake. Mwezi uliofuata Willison alionya dhidi ya kukutanisha mambo matatu kwa msaidizi mmoja: kuona siri, kusoma maandishi ya watu wasiojulikana, na kuweza kupeleka habari nje. Yakikutana yote matatu, mlango wa wizi umefunguliwa.

Hatari ya pili ni zana yenyewe. Septemba 2025 iligundulika zana ya kutuma barua pepe iitwayo postmark-mcp, iliyotumia jina la huduma inayojulikana ingawa wenye huduma hiyo hawakuitengeneza. Matoleo yake 15 ya mwanzo hayakuwa na kasoro, na watu wakaiamini. Toleo la 1.0.16 likaongezwa mstari mmoja tu wa msimbo, na tangu hapo nakala ya kila barua ikapelekwa kwa siri kwa mwenye zana. Haikuvunjwa kufuli yoyote, kwa maana wenye barua walikuwa wamekabidhi funguo kwa hiari yao.

Yapo mawazo kwamba kinga ipo tayari, kwa kuwa msaidizi huomba idhini kabla ya kutenda. Kinga hiyo ni ya kweli, lakini nguvu yake haizidi umakini wa anayeidhinisha. Kila aliyefanya kazi ofisini anamfahamu mkubwa aliyetia saini majalada 40 kabla ya chai bila kufungua hata moja. Anayebonyeza "ndiyo" mara mia kwa siku amekwisha kuacha kuidhinisha.

Kwa hiyo hapana budi mipaka iwekwe kabla ya kazi kuanza. Msaidizi anayehitaji kusoma apewe ruhusa ya kusoma tu. Programu ya matokeo ya mitihani ijaribiwe kwa majina ya kubuni, si kwa majina na alama za wanafunzi halisi. Zana ichukuliwe kwa mtengenezaji anayejulikana, na kila toleo jipya likaguliwe kabla ya kupokewa. Kila tendo liandikwe katika kumbukumbu, na pawepo nakala ya akiba ya kurejesha kilichofutwa.

Nchini Tanzania jambo hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamwajibisha anayekusanya na kuchakata taarifa za watu. Mzazi ambaye taarifa za mwanawe zimevuja hatakwenda kuidai mashine. Ataidai ofisi iliyopewa dhamana, na ofisi hiyo haitaweza kujitetea kwamba msaidizi ndiye aliyekosea. Kazi yaweza kukabidhiwa kwa chombo, lakini dhamana hubaki kwa mtu. Mkuu wa ofisi anayeletewa pendekezo la kuunganisha msaidizi na kumbukumbu za wananchi aulize kwanza atafunguliwa milango ipi, kwa muda gani, na ni nani atakayejibu mambo yakiharibika. Pasipo jina la mtu katika jibu la swali hilo la mwisho, ufunguo usitolewe.